Kumlinda Munga

Mtaani Magongo, mtu akihamia nyumba ambayo hajui nani alikaa humo kabla yake, alimwita Kache. Kache alikuja na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni na kitambaa cheupe kichwani. Alizunguka vyumba vyote bila haraka, akapaka mafuta kwenye miimo ya milango na madirisha, kisha akasimama sebuleni na kuomba mpaka jasho likamlowesha mgongo. Wenye nyumba walisema baada ya hapo walilala vizuri. Ndiyo maana katika kanisa la Ngao ya Imani, kanisa la mabati lililo nyuma ya gereji za malori, yeye ndiye aliyeongoza maombi ya ulinzi kila Jumanne.

Hakufanya hivyo ili aonekane. Aliyaogopa mapepo kikweli, kwa sababu alikuwa amelelewa nayo nyumba moja. Alipokuwa msichana kule Kaloleni, mama yake alikuwa akipandwa na pepo. Ngoma zilipigwa siku tatu mfululizo, na ya nne mama aliamka akamtazama Kache asijue ni mtoto wa nani. Alikufa akiwa hivyo. Kache aliokoka akiwa na miaka ishirini, na siku hiyo alimwahidi Mungu kwamba nyumba atakayoiendesha yeye haitaingiliwa na kitu cha aina ile.

Mumewe, Munga, alikuwa dereva wa kreni bandarini kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na kanisani aliimba besi. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Eddah, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anayeshona nguo kule Mtongwe, ng'ambo ya feri.

Mambo yalianza mwaka wa pili baada ya Munga kustaafu. Mwanzoni yalikuwa madogo. Alitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Aliweka viatu ndani ya sufuria akafunika na kifuniko. Kisha asubuhi moja Kache alimpelekea chai barazani, na Munga akainuka nusu kutoka kwenye kiti, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyoinuka mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kache akacheka. "Shikamoo ya nini, Baba Eddah?"

Munga naye akacheka, lakini macho yake yalimwangalia Kache kama mgeni anayeona haya kuuliza jina la mwenyeji.

Baada ya hapo akaanza kuongea na mtu aliyekuwa kwenye kioo cha kabati. Siku nyingine alimkaribisha chai, siku nyingine alimwambia atoke. Na alimwambia kwa Kigiriama, lugha ambayo hawakuwa wakiitumia nyumbani tangu Eddah azaliwe, kwa sauti nene ambayo Kache hakuwahi kuisikia kwake. Kache alisimama mlangoni na birika mkononi. Aliikumbuka siku ya nne ya ngoma.

Alikwenda kwa Pasta Erastus mchana huohuo. Erastus alikuwa kijana wa Kakamega, mwaminifu, aliyempenda Munga kama baba.

"Mzee alisafiri mwaka jana?" akauliza.

"Alikwenda mazishi ya ami yake, huko Bamba."

"Kulifanywa mila?"

"Hazikosi, Pasta."

"Basi nahisi mlango ulifunguliwa hapo," akasema. "Tusingoje pepo lipate mizizi."

Walikuja wanawake saba wa kundi la Jumanne, wamefunga, wakiongozwa na Kache mwenyewe na rafiki yake Agneta. Waliomba kila siku saa nne asubuhi kwa wiki tatu. Siku za kwanza Munga alifurahia wageni. Aliwatolea viti, akaitikia amina, akaanzisha na wimbo. Lakini wale wanawake hawakuwa wamekuja kumsalimia. Walimzunguka. Walimwekea mikono kichwani na kubonyeza, wakamshika mikono asiinuke, wakaamuru kwa sauti iliyofika barabarani kitu kilichokuwa ndani yake kitoke. Mafuta yalimtiririka hadi machoni. Sauti ya Kache ndiyo iliyokuwa juu ya zote.

Wiki ya pili, Munga akisikia komeo la geti, alikimbilia bafuni na kujifungia. Walimtoa. Alitetemeka kama mtoto mwenye homa, akamtazama Kache na kusema, "Mama, nimefanya nini?"

Agneta alimgeukia Kache. "Umeona? Linaogopa mafuta."

Kache aliona, na moyo wake ukapata nguvu. Pepo linaloogopa ni pepo lililokaribia kutoka.

Eddah alikuja Jumamosi. Alimkuta baba yake amekaa kwenye pembe ya chumba cha kulala, amejifunika shuka hadi kichwani, na joto lote lile la Mombasa. Aliongea naye dakika chache, kisha akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, baba ni mgonjwa. Twende naye hospitali."

"Ugonjwa huu si wa hospitali."

"Utajuaje, na hajapimwa?"

"Najua kwa sababu nimeuona kabla wewe hujazaliwa," Kache akasema. "Nilimpoteza mama yangu kwa kitu hiki. Sitampoteza na baba yako."

Eddah hakubishana zaidi. Lakini kabla hajaondoka aliyatoa mashati yote ya baba yake kabatini, akakaa kitandani na sindano, na ndani ya kola ya kila moja akadarizi namba ya simu ya nyumbani kwa uzi mwekundu. Kache alipoiona alikasirika. Alimwambia bintiye kwamba anamtia alama baba yake kama gunia. Eddah aliendelea kushona.

Jumanne iliyofuata, Kache na wenzake walikuwa sebuleni, macho wamefumba, wakijiandaa kwa maombi kabla ya kumtoa Munga chumbani. Walipokwenda kumchukua, chumba kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Walimtafuta kwenye gereji, sokoni, kwenye vituo vya magari. Pasta Erastus alichukua pikipiki akazunguka Changamwe yote. Saa nane ilifika, na jua lile, na Munga hana hata kofia.

Saa tisa simu ikalia. Sauti ya mwanamume, ya polepole, ikasema anaitwa Suleiman, yuko Jomvu Kuu, na hapo msikitini kwao kuna mzee ambaye shati lake lina namba hii.

Kache alipofika alimkuta Munga amekaa kwenye mkeka katika baraza ya msikiti, miguu imeoshwa, malengelenge yamepakwa dawa. Suleiman, mvuvi mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa kando yake akimmenyea chungwa.

"Ametembea kutoka Magongo?" Kache akauliza. Hakuamini.

"Katembea, mama. Tumemkuta kwenye njia ya kushuka maji. Wallahi angefika mbele kidogo tu, angezama kwenye tope la mikoko." Suleiman akashusha sauti. "Anasema anawakimbia watu. Wanawake wanaompigia kelele. Sijui ni ndoto au ni kweli."

Kache alipanda ngazi ya baraza na kuinua mkono amtengeneze Munga kola. Munga akafunika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akajivuta nyuma kwa makalio, juu ya mkeka, mpaka akawa nyuma ya Suleiman, na akaishika kanzu yake.

"Usinitoe kwa huyu," akamwambia. "Nakuomba, ndugu yangu. Huyu mama ananichukia."

Alisema kwa sauti yake mwenyewe. Haikuwa ile nene iliyosema na kioo. Ilikuwa sauti iliyomposa Kache, iliyomwita Eddah kwa jina lake siku ya kwanza, na Kache aliijua kama anavyoijua njia ya kwao. Alitafuta ndani ya sauti hiyo kitu cha kukemea, asikipate. Alikaa kwenye ngazi akiwapa mgongo watu wa msikitini, akalia. Suleiman alimletea maji. Hakumharakisha. Munga alikubali kuondoka pale tu Eddah alipofika na kumshika mkono.

Siku ya tatu walikwenda hospitali. Aliyewapokea kwenye kliniki alikuwa muuguzi aitwaye Fancy, mwanamke wa Bonde la Ufa mwenye sauti ya chini. Alimpa Munga kalamu amchoree saa. Munga alichora duara zuri sana, kisha namba zote akazirundika upande mmoja, na alipoona zimejaa pale akaweka kalamu chini kwa aibu. Fancy alimwambia amefanya vizuri. Alipokunja mikono ya shati lake ili ampime presha, aliona michubuko juu ya viwiko, mingine mibichi, mingine imeanza kugeuka manjano.

"Hii imetoka wapi?"

Eddah alimtazama mama yake.

"Ni sisi," Kache akasema. "Tulikuwa tunamwombea."

Fancy akaandika, akawapeleka kwa daktari, na baada ya vipimo na picha na wiki mbili za kwenda na kurudi, wakaitwa na kuelezwa. Ubongo wa Munga ulikuwa unanyauka. Haukuwa ugonjwa wa kutibika. Kulikuwa na vidonge vya kumtuliza kidogo, na kulikuwa na namna ya kuishi naye.

"Na ile lugha?" Kache akauliza. "Na ile sauti?"

"Lugha aliyojifunza kwanza ndiyo hubaki mwisho, mama," Fancy akasema. "Na mtu wa kwenye kioo ni yeye mwenyewe. Yeye anajikumbuka kijana, sasa akimwona mzee pale anashtuka."

"Yale tuliyomfanyia, atayasahau?"

"Tukio atalisahau," akasema. "Hofu ndiyo husahaulika kwa shida. Hajui ni kwa nini anakuogopa. Anaogopa tu."

Kache alikwenda kwa Pasta Erastus, akamweleza yote. Erastus alishika kichwa. Alisema, "Mama, tulifanya tulichokijua," kisha akaona maneno hayo hayatoshi, akapiga magoti pale ofisini na kuomba msamaha, kwa Mungu na kwake. Kundi la Jumanne halikuwa rahisi hivyo. Kache alipowaambia kwamba maombi yale yamekwisha, wengine walitazamana. Agneta alisema mbele ya wote kwamba pepo limepata kazi rahisi, limemdanganya mwombaji mwenyewe. Kache aliacha funguo za chumba cha maombi mezani, akaenda nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na kazi ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, ya kumfanya mumewe asimwogope. Eddah alihamisha cherehani yake kutoka Mtongwe, akakaa nao. Yeye ndiye aliyemwogesha Munga na kumlisha. Kache alilala chumba cha wageni. Alikifungia sandukuni kitambaa cheupe. Chupa ya mafuta aliitoa nyumbani kabisa, maana harufu yake peke yake ilimfanya Munga aangalie mlango. Alijifunza kuingia kwa upande wa mbele, ili Munga amwone akija. Alijifunza kutoinua mkono juu ya bega. Yeye aliyekuwa na sauti ya kujaza kanisa, sasa alinong'ona, na kwa Kigiriama.

Miezi miwili Munga alimkataa. Kache aliweka bakuli la uji kwenye kigoda, akarudi nyuma hatua tano, akakaa. Munga alikula akimchunga. Siku moja Kache akakaa hatua nne, na Munga hakuacha kula. Kufikia Desemba alikuwa anakaa kando yake barazani, na Munga alimwita yule mama wa uji. Hakuwa mkewe. Lakini hakuwa tena yule anayekimbiwa.

Asubuhi moja walikuwa wawili tu, Eddah amekwenda kununua vitambaa. Munga alimaliza uji, akafuta mdomo, akamgeukia.

"Wewe ni mtu wa wapi, mama?"

"Kaloleni."

"Ehee. Mke wangu naye ni wa huko." Alifurahi. "Hayupo, amekwenda kanisani. Mke wangu ni mwombaji. Mimi nafanya kazi juu kwenye kreni, juu kabisa, hata upepo ukivuma unayumba. Kila siku kabla sijatoka ananiwekea mkono hapa." Akagusa utosi wake. "Sijaanguka hata siku moja."

Munga aliangalia geti, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Lakini siku hizi anakawia," akasema. "Alipokuwa hayupo, alikuja mwanamke hapa. Mwanamke mbaya. Alinipigia kelele, akanimwagia kitu machoni. Sikumkosea." Akaushika mkono wa Kache. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane. "Mke wangu angekuwepo, angemfukuza. Yeye hashindwi na watu kama wale."

"Amekwenda, huyo mwanamke," Kache akasema. "Hayupo tena."

"Akirudi?"

"Harudi."

"Huwezi kujua," Munga akasema. Alifikiri. "Wewe unajua kuomba?"

"Kidogo."

"Basi niombee. Mpaka mke wangu aje. Omba yule mwanamke asinifikie."

Kache alikuwa ameomba kwa ajili ya nyumba za watu wengi, na maneno hayakuwahi kumpotea. Sasa yalimpotea. Alikaa na mkono wa mumewe ndani ya wake, na Munga amekwisha kufumba macho, anangoja, amemwamini. Alipoanza, alianza kwa sauti ndogo sana.

"Bwana, mlinde Munga," akasema. "Mlinde na yule mwanamke. Ufunge mdomo wake. Mikono yake isimguse tena. Na kama aliyoyafanya aliyafanya kwa kutokujua..."

Alikwama hapo. Munga alingoja kidogo, akaona mama wa uji amemaliza, akasema amina kwa sauti ya besi, safi kabisa, akafumbua macho.

"Ahsante," akasema. "Mke wangu akija nitamwambia umenisaidia."

Alimwomba maombi hayo tena kesho yake, na keshokutwa, na siku nyingi baadaye. Kila mara Kache aliyasema. Hakuwahi kumwambia Eddah maneno yenyewe. Alimwambia tu kwamba siku hizi wanaomba pamoja, na Eddah alishukuru.

Munga alikufa Aprili, wakati wa mvua kubwa. Kifua kilimbana, wakamlaza hospitali, na asubuhi ya siku ya nne akaondoka taratibu, Eddah upande mmoja, Kache upande mwingine. Siku zile nne Kache hakutoka kando ya kitanda hata kwenda kula, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wagonjwa wa aina hiyo huweza kurudiwa na fahamu dakika za mwisho, wakamtambua mtu. Munga hakumtambua. Jioni ya mwisho alimuuliza kama mke wake amekwisha kufika, na Kache akamwambia yuko njiani.

Walimzika Kaloleni. Kwenye ibada ya kumbukumbu, Pasta Erastus alimpa Kache nafasi ya kusema. Watu walitega masikio, wakijua atakavyowasha moto. Kache alisimama na leso begani, bila kitambaa cheupe.

"Mume wangu alikuwa mgonjwa, mimi nikamwombea kama adui," akasema. "Aliniogopa. Mkiwa na mzee anayesahau, mpelekeni hospitali. Na mkimwombea, ombeni polepole."

Akakaa. Hakuna aliyejua kama aitikie amina au anyamaze. Baada ya muda Agneta alitoka kwenye benchi lake, akaja kukaa kando ya Kache. Tangu siku ile ya funguo hawakuwa wamesalimiana. Alilia kwa muda mrefu, na Kache alimpa upande mmoja wa leso yake ajifutie.

Sasa Kache anakaa Mtongwe kwa Eddah. Hajaacha kuamini kwamba mapepo yapo, na akiulizwa atasema hivyo wazi. Watu bado humwita wakihamia nyumba, ingawa si wengi kama zamani, kwa maana siku hizi yeye huanza kwa kuuliza nani anaumwa humo ndani na kama amepimwa, na wengine hawapendi kuulizwa. Akisharidhika, huomba, kwa sauti ya chini. Huwaombea wenye nyumba, watoto wao, na wazee wao. Ya kujiombea mwenyewe bado hajayaweza. Kila akianza, hufika palepale alipofika siku ile barazani, kwenye maneno ya kutokujua, na hukwama.